Kiti cha Katikati kwenye Landrova ya Lidwina

Watu wa Mshangano wakimtaja mume wangu, Bartolomeo Mapunda, husema ni mzee mpole, fundi wa magari asiye na makuu. Sikatai. Ila wao wamemjua akiwa ameshapoa. Mimi nimemjua tangu ana nywele kichwani, kwa hiyo kama kuna mtu wa kuyaandika maisha yake ni mimi. Darasa la saba nimemaliza, tena enzi ambazo msichana akimaliza darasa la saba kwetu Maposeni jina lake lilisomwa kanisani.

Bartolomeo naye alizaliwa Maposeni, kitinda mimba wa mzee aliyelima mahindi na kufuga nguruwe. Jembe hakulipenda tangu mwanzo. Alipopata ndevu za kwanza alikwenda kuomba kazi ya kufagia kwenye karakana ya misheni. Akawa anafagia huku anaangalia, anafagia huku anaangalia, mpaka ikafika siku yeye ndiye anafungua injini na mtu mwingine anafagia. Baadaye akachukuliwa na watu wa ushirika kutengeneza malori ya kubebea mahindi. Malori yalikufa moja baada ya jingine, na yeye akarudi nyumbani na sanduku lake la spana. Tangu hapo gereji yake ni banda la mabati ubavuni mwa nyumba yetu hapa Mshangano.

Ana tabia zake. Injini huisikiliza kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma na mpini sikioni, kama daktari. Chakula hagusi kabla hajanawa kwa mafuta ya taa na kisha kwa sabuni, ndiyo maana kwangu mimi harufu ya mafuta ya taa ni harufu ya mchana. Gari la mtu halisemi vibaya. Liwe limeoza namna gani, atasema "limechoka". Na kuna jambo ambalo mafundi wa sasa wanamcheka nalo, kwamba Bartolomeo anashona. Hilo nitalieleza mahali pake.

Jambo jingine hakunieleza yeye, nililikuta. Kabla ya kuleta mshenga kwetu alikuwa amempeleka kwa akina Lidwina. Baba yake Lidwina alijibu kwamba binti yake hakuzaliwa kufua grisi. Lidwina akaolewa na Saimon, bwana shamba, mtu wa suruali zilizopigwa pasi mpaka zikasimama zenyewe. Mwaka uliofuata mshenga yuleyule akaja kwetu, na viatu vilevile. Mama yangu alivitambua viatu. Mimi nikamkubali Bartolomeo kwa kuwa nilimtaka, na watu waangalie vizuri wasije wakasema nilikosa mwingine. Waliokuwa wanaulizia walikuwepo.

Basi tukaishi. Saimon na Lidwina nao wakajenga Mshangano, mtaa wa pili kutoka kwetu. Kanisani tulisalimiana vizuri, kwenye jumuiya tulikaa mkeka mmoja, misiba tulipikiana. Wakati Saimon yupo hai moyo wangu ulitulia, maana mwenye mke alikuwepo. Mwaka jana Saimon akafariki, tukamzika Maposeni kwenye shamba la baba yake, na mimi nikaanza kuhesabu ni mara ngapi Lidwina anapita mbele ya banda letu.

Saimon aliacha Landrova. Si hizi za sasa. Ile ya zamani, ndefu, ya kijani, yenye tairi la akiba juu ya boneti, aliyoinunua kwenye mnada alipostaafu. Katika safari yake ya mwisho jiwe lililipiga chini ya tumbo. Sampo ikabonyea, ikapata ufa, na kutu ikamalizia. Sampo ni lile bakuli la chuma lililo chini kabisa ya injini, oili yote inakaa humo. Ikitoboka, gari haliendi popote, maana injini bila oili inajitafuna yenyewe. Kwa hiyo Landrova ilikaa uani kwa Lidwina tangu mazishi, chini yake pametapakaa weusi, na kuku wake wakipita hapo wanatoka na miguu kama ya mafundi.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, baridi imeshika kwelikweli, nikasikia sauti.

"Hodi hapa kwa fundi!"

Ni yeye. Kitenge kipya, sweta jeupe. Bartolomeo akatoka bandani anafuta mikono.

"Karibu, Mama Eric."

"Nimeshakaribia, Bato."

Bato! Hilo jina aliitwa na mama yake tu, na mama yake tumemzika zamani. Mimi mwenyewe namwita Baba Rosemary, jina la mtoto wetu wa kwanza, kama inavyotakiwa. Nikaweka ungo chini nikasogea.

Lidwina akaeleza shida yake. Jumamosi ya wiki inayofuata padri anakwenda Maposeni kubariki kaburi la Saimon, na msalaba wa kudumu utasimikwa. Anataka kuingia Maposeni na gari la Saimon mwenyewe. Bodaboda hataki, gari la kukodi hataki.

"Sampo itafutwe, wewe ulifunge, na wewe uliendeshe," akamwambia mume wangu. "Nani mwingine analijua lile gari?"

"Limechoka tu," Bartolomeo akasema. "Litakwenda."

Ndipo Lidwina akanigeukia, anatabasamu na pengo lake.

"Na Mama Rosemary asikose. Nyuma kuna nafasi kubwa, atakaa na masufuria."

Nilimjibu, "Asante, mwenzangu," kwa kuwa nimelelewa. Lakini hapo ndipo vita yangu ilipoanza, na nieleze ilikuwa vita ya nini. Landrova ile mbele ina viti vitatu. Cha dereva, cha dirishani, na kimoja kidogo katikati. Anayekaa katikati bega lake liko kwenye bega la dereva, na dereva akibadilisha gia mkono wake unapita palepale magotini. Mle mbele ataingia Lidwina, yeye ndiye mwenye gari na mwenye kaburi. Mimi nyuma na masufuria ya wali. Na Maposeni yote imesimama barabarani, Maposeni inayokumbuka mshenga na viatu vyake. Wifi yangu Brigita yuko hai, na ulimi wake uko hai kuliko yeye. Nilikuwa nikimsikia kabisa: "Eee, mwisho wa yote kaka amempata wake, na Kunegunda amebebeshwa vyombo." Hata siku ya kuzikwa kwangu, mimi Kunegunda, hilo ndilo litakalosimuliwa. Nikaapa kwamba kiti cha katikati nitakaa mimi.

Sampo haikupatikana mjini. Fundi mmoja aitwaye Jumanne, mwenye gereji yake kule Majengo, ambaye alijifunza kazi kwa mume wangu, alizunguka kwenye vyuma chakavu akarudi mikono mitupu. Mwishowe Bartolomeo akampigia simu Abdulswamadu wa Nakapanya, mfanyabiashara wanayejuana tangu enzi za malori. Simu yake huiweka sauti kubwa, hivyo mtaa mzima ulisikia.

"Asalaam aleikum, Mapunda! Bado upo duniani?"

"Nimo, nimo. Una sampo ya Landrova ya zamani?"

"Nina Landrova nzima hapa uani, kuku wanataga ndani yake. Sampo yake salama, alhamdulillahi. Kesho naipakia kwenye basi."

Ikaja kweli, imefungwa kwenye gunia, na unyoya mmoja umenata.

Landrova haikuweza kuletwa kwetu, haina oili, kwa hiyo kazi ikafanyika uani kwa Lidwina. Siku ya kwanza ya kazi mume wangu aliamka akanyoa ndevu. Ilikuwa siku ya Jumanne. Huyu bwana hunyoa Jumamosi jioni kwa ajili ya misa, basi. Kisha akauliza kama ovaroli yake inaweza kupigwa pasi.

"Ovaroli?"

"Imekunjamana."

"Unakwenda kulala chini ya gari, Baba Rosemary. Utamwonyesha nani mikunjo, ekseli?"

Akanishikisha ovaroli. Nikaipiga pasi, maana sitaki iandikwe kwamba mume wangu alitoka kwangu amekunjamana. Halafu nikachukua kigoda, nikachukua na mchele wa kuchambua, nikamfuata.

Lidwina aliponiona na kigoda akacheka. "Umekuja kusimamia, Mama Rosemary?"

"Nimekuja kuchambua mchele. Kwenu kuna jua zuri."

Hakukuwa na jua. Kulikuwa na ukungu mpaka kwenye mapaja.

Wakaliinua gari kwa jeki, wakaweka magogo chini ya fremu na mawe kwenye matairi. Bartolomeo na Jumanne wakalala juu ya maboksi chini ya injini. Lidwina akachuchumaa pembeni anapokea bolti na kupitisha spana, na kila spana aliyoitiwa aliipata mara moja, hakuuliza ipi ni ipi. Mimi nimeishi na spana miaka yote hiyo, nikiambiwa nilete namba fulani huleta boksi zima.

Ile sampo mbovu ilikuwa imeng'ang'ania. Bartolomeo akaigonga taratibu kwa kipande cha ubao, huku na huku, mpaka ikaachia. Kilichokuwa ndani kilifanana na uji wa ulezi ulioungua. Wakakwangua gasketi ya zamani, wakasafisha uso wa injini kwa mafuta ya taa, wakaisafisha sampo ya Nakapanya mpaka ikang'aa.

Sasa ndiyo hapa pa kushona. Gasketi ni ile karatasi nene laini, ya koki kama kizibo cha chupa, inayokaa kati ya sampo na injini ili oili isipenye. Ukilala chini ya gari, umeinua sampo kwa mikono miwili na kutafuta tundu za bolti, gasketi inateleza, na ikiteleza kidogo tu umeshaharibu. Mafundi wa sasa wanaipaka gundi za kwenye tyubu. Bartolomeo hataki gundi. Alifundishwa karakana kuishikiza gasketi kwenye sampo kwa uzi, mafundo machache kupitia tundu za bolti, kama mtu anavyoshikiza pindo kabla ya kushona. Bolti zikishashika ndipo mafundo yanakatwa, na kinachobaki ndani ni uzi usioonekana. Uzi huo ni wangu. Mimi nina cherehani, na tangu tuoane amechukua uzi kwenye kopo langu, mweupe, wa pamba, mwembamba kabisa. Kila mara nikimwambia achukue wowote alinijibu kwamba mnene haufai, gasketi inapanda juu yake, oili inapata njia. Alinifundisha hilo mpaka nikachoka kulisikia.

Siku ile akapapasa mfuko wa ovaroli iliyopigwa pasi. "Nimesahau uzi."

"Nakwenda kuuleta," nikasema, nimeshasimama.

"Ya nini kuhangaika?" Lidwina akasema. "Uzi ninao ndani."

Akatoka na uzi wake wa kufumia vitambaa vya makochi. Mwekundu. Mnene kama kamba ya kiatu.

"Huo ni mnene, Baba Rosemary."

Bartolomeo akautazama uzi, akamtazama mwenye uzi anayeusubiria sifa, akaniambia, "Unatosha. Uzi ni uzi."

Uzi ni uzi! Jumanne akainamisha kichwa, akajifanya anatafuta bolti. Mimi nikakaa nikachambua mchele uliokwisha chambuliwa. Mume wangu akafunga mafundo mekundu mbele yangu, na mchana akala mbasa wa kukaanga wa Lidwina, akasema samaki wa Nyasa anajua kupikwa na watu wachache. Mimi pia nilimla yule samaki. Alikuwa na chumvi nyingi.

Walipomaliza wakatia oili mpya, injini ikawashwa, ikanguruma vizuri, Lidwina akapiga kigelegele peke yake. Wakaiacha izunguke mpaka ipate moto, wakafurahi, tukarudi nyumbani. Njiani Bartolomeo alipiga mluzi.

Alhamisi asubuhi akaenda kuikagua. Akarudi bila mluzi. Akakaa kwenye ngazi ya jikoni, akavua kofia.

"Limetoa jasho," akasema.

Niliendelea kumenya ndizi. "Wapi?"

"Upande wa nyuma."

"Kwenye mafundo?"

Akaitazama kofia. Kwa Bartolomeo kuitazama kofia namna ile ni ndiyo.

"Linadondosha," akasema baadaye. "Kwenda Maposeni litafika, kurudi sina hakika. Lazima sampo ishuke tena. Kipande cha koki kimebaki, nitakata gasketi nyingine." Akaikunja kofia, akaikunjua. "Ule uzi wako upo?"

"Uzi ni uzi. Kaombe ule wa makochi."

"Mama Rosemary."

"Naam."

"Unataka nini?"

"Kiti cha katikati."

"Kiti gani?"

"Unakijua. Jumamosi nakaa katikati, wewe huku, yeye huko. Na mafundo nayafunga mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, uani kwake."

Akaniangalia kama anavyoiangalia injini inayotoa mlio asioujua.

"Kunegunda, unajua una miaka mingapi wewe?"

"Nimeuliza kiti, sijauliza miaka."

Nikamwona anataka kucheka, akaona uso wangu, akaacha. "Kiti chako," akasema. "Lete uzi."

Tukaenda. Jumanne alishusha sampo tena, na mimi nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, sampo magotini kama mtoto wa kuogeshwa, nikafunga gasketi kwa uzi wangu mweupe. Fundo dogo, lala ndani, kata. Jingine. Lidwina akasimama anaangalia, mikono kiunoni.

"Kumbe unajua!"

"Nimeolewa na fundi."

"Mimi nimeolewa na bwana shamba," akasema, "na mahindi yako kila mwaka yanayapita yangu."

Jumanne akacheka chini ya gari mpaka akajigonga. Mimi sikucheka. Mtu unayemwonea wivu akikuchekesha ni kama amekuibia kitu kingine tena.

Bartolomeo hakutaka Jumanne afunge peke yake. Safari hii alilala chini mwenyewe mwanzo hadi mwisho, kwenye ardhi ya baridi, bolti zote akazianza kwa vidole, kisha akazikaza kidogo kidogo, hapa, halafu ng'ambo, halafu nyuma, halafu mbele, ili sampo ikae sawa. Injini iliwashwa, ikapata moto, ikazimwa, ikaachwa. Ijumaa tukaenda kutandika gazeti chini yake. Gazeti likabaki kavu. Bartolomeo akaniambia, "Uzi wako," basi, hayo maneno mawili, na mimi nikayabeba mpaka nyumbani.

Ila goti lake la kushoto liliikataa ile ardhi ya baridi. Jumamosi aliamka limevimba, linang'aa, halikunjiki wala halinyooki. Nikamkanda kwa maji ya moto na chumvi. Akasema limechoka tu.

Mimi nilifika kwenye Landrova kabla ya wote. Masufuria yalikuwa yamepakiwa nyuma, pamoja na msalaba uliofungwa kwa shuka, na Jumanne amekaa navyo. Nikapanda mbele, nikajisogeza katikati, nikapanga kitenge changu kikaenea kiti kizima, nikashika rozari. Hata angekuja askofu nisingehama.

Lidwina akatoka, kitenge cha zambarau, kilemba. Akaniona. Nilikuwa nimemwandalia majibu mengi. Yeye akasema, "Umekaa vizuri? Hapo injini inaunguza miguu, ningekuwa wewe ningevaa soksi." Akapanda dirishani.

Bartolomeo akapanda usukani kwa kujivuta. Akawasha. Akakanyaga klachi kwa mguu wa kushoto, na klachi ya Landrova za zamani ni kama kumkanyaga ng'ombe, haiendi bila ugomvi. Nikasikia pumzi yake ikikatika. Goti likaachia lenyewe, gari likaruka kama chura, likazimika, masufuria nyuma yakalia yote. Akajaribu tena. Likaruka tena. Jasho lilimtoka katika baridi ile.

"Jumanne aendeshe," nikasema.

"Jumanne leseni yake imekwisha tangu Pasaka," Bartolomeo akasema, "na pale njia panda askari wapo kila Jumamosi."

Lidwina alikuwa ameshashuka. Akazunguka mbele ya gari, akafungua mlango wa dereva.

"Shuka, Bato. Zunguka kule kwangu."

"Nani ataendesha?"

"Mimi. Leseni imo kwenye mkoba, usiniulize."

"Wewe?" Hiyo ilikuwa sauti yangu.

"Saimon alinifundisha zamani na Landrova ya idara ya kilimo, kwenye njia za mashambani, watu wakiwa wameshaondoka. Shambani nimeendesha miaka yote. Mjini aliendesha yeye." Akavua viatu, akavitupa chini ya kiti. "Leo nilitaka mwanaume aonekane usukani, wasije wakasema mjane anajionyesha kaburini kwa mumewe. Basi, watasema."

Mume wangu akazunguka akichechemea, akapanda dirishani. Na hivyo nikakaa kama nilivyoapa. Katikati kabisa, bega la dereva kushoto... hapana, kulia kwangu, na bega hilo lilikuwa la Lidwina. Mkono uliopita magotini mwangu kila gia ilipobadilishwa ulikuwa wa Lidwina, na pete yake ya ndoa ilinigonga mfupa.

"Sogeza goti, mwenzangu."

"Nisogeze niliweke wapi?"

"Mpe Bato alishike."

Tulipita mjini, tukashika barabara ya Peramiho. Aliendesha taratibu, mgongo umenyooka, anashuka gia kabla ya mlima na si katikati ya mlima. Injini haikulalamika hata kidogo. Mara moja bodaboda ilitukatia mbele, akapiga honi na kumwita kijana yule jina ambalo sitaliandika. Na mume wangu, ambaye hamsifii dereva yeyote, ambaye madereva wa malori walimwogopa, alikuwa ameinamisha sikio kuelekea boneti.

"Umesikia?" akaniambia. "Hakwaruzi gia."

Hapo ndipo wivu wangu ulipohama. Niliusikia kabisa unahama, kama mzigo unaoutoa kichwani na kuuweka begani. Safari nzima nilikuwa nimejiandaa kumwonea Lidwina wivu wa mume wangu, na mume yuko pale kando yangu, goti lake bovu limegusana na langu, hana mpango na mtu. Nilichokuwa nakitazama ni ile mikono miwili kwenye usukani. Mikono ya bibi kama yangu, ina madoa kama yangu, na gari zima linaitii.

Maposeni wakatusikia kabla hawajatuona. Walikuwa wamesimama kwenye kona ya kuingilia shambani, wifi yangu Brigita mbele yao na fimbo yake. Nilikaa wima ili aone nani yuko katikati. Hakuona. Hakuna aliyeona. Brigita alitupa fimbo chini.

"Lidwina! Ni wewe unayeendesha? Ni wewe mwenyewe?"

"Ni mimi, na breki ninazo, toka barabarani!"

Vigelegele vikapasuka. Wanawake wakakimbia kando ya gari mpaka kwenye kaburi, wanapiga makofi kwenye bati. Mzee Romanus, katekista, alisema angekuwepo Saimon angefurahi, na watu wakalia na kucheka pamoja. Lidwina alishuka peku, akatafuta viatu, akakosa kimoja, akaenda kumpokea padri na kiatu kimoja mkononi. Msalaba ukasimikwa, kaburi likabarikiwa. Tukala. Wote walimzunguka yeye wakiuliza habari za klachi. Mimi nilipakua wali. Brigita alinijia na sahani yake tupu.

"Na wewe, wifi, mke wa fundi," akasema, "si ndiyo utakuwa unaendesha hata lori?"

Nilimwekea mfupa.

Jioni, nyumbani, nikamkanda Bartolomeo goti. Nilikanda kwa nguvu kidogo kuliko inavyotakiwa.

"Baba Rosemary, magari mangapi yamepita kwenye banda hili?"

"Mengi. Nani anayajua?"

"Na katika hayo yote hukuona hata moja la kunifundishia mimi?"

Akafikiri. Nampenda kwa hilo, ukimuuliza kitu hufikiri. "Hukusema unataka."

"Lidwina alisema?"

"Hayo ni ya Saimon, mimi nitajuaje?"

"Sawa. Mimi sasa nimesema."

Akaniangalia kuona kama natania. "Kunegunda, gari lenyewe hatuna. Yaliyopo bandani ni ya watu."

"Landrova ipo."

"Landrova ni ya Lidwina."

"Kwa hiyo goti likipona kamwombe. Wewe hakunyimi."

Alicheka mpaka akajitonesha goti. Mimi sikuwa natania, na siku ya kwenda kuomba ilipofika alijua. Alichukua fimbo, akavaa kofia, akatoka kwenda mtaa wa pili, anachechemea bado, ndevu zake hajanyoa. Nikamsindikiza kwa macho mpaka alipofika kona na kuanza kutengeneza kola ya shati. Nikafunga mlango wa jikoni, nikamfuata mbiombio, maana kumtuma kule peke yake bado siwezi.